Mama, Uliwatunga?

Mwezi huu nilikuwa niandike juu ya ada za vyuo kama nilivyoahidi. Zitasubiri. Nimerudi Maskati kutoka likizo ya Unguja na jambo lililonikaa kifuani, na nadhani linawahusu wengi wenu, hasa mnaotuma pesa za ujenzi nyumbani.

Mwanangu wa kiume ana miaka tisa. Amezaliwa huku, skuli anasoma Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili anakipata kwetu tu. Kwa hiyo tangu mdogo, kabla hajalala, namsimulia utoto wangu wa Fuoni. Simsimulii simba wala twiga. Nani kati yetu aliyekua na twiga? Watoto wetu wanamjua simba kwa sababu ya katuni, lakini ukiwauliza mnana ni nini wanakutazama tu. Mimi namsimulia wale waliokuwa uani kwetu: jongoo aliyejikunja ukimgusa, kinyonga tuliyemwogopa kuliko nyoka, vyura waliopiga kelele baada ya mvua hata redio haisikiki, komba aliyelia usiku juu ya minazi kama mtoto mchanga, vimulimuli, na huyo mnana.

Mnana ni ndege mdogo wa manjano, na kazi yake ni kusuka. Dume huchana kuti uzi kwa uzi, akaning'iniza kiota, jike akija akakikataa, hukiacha au hukifumua akaanza upya. Mnazi wetu wa kisimani ulijaa viota mpaka makuti yakabaki njiti. Babu alikuwa akinung'unika kila siku kuwa mnazi hautazaa, lakini sikumwona hata mara moja akiwarushia jiwe.

Basi kijana akafunga safari na daftari. Ukurasa wa kwanza kaandika majina yote hayo kwa hati yake ya kupinda, na mbele ya kila jina kachora kisanduku cha kutia alama atakapomwona.

Siku ya kwanza alitia alama moja, ya jongoo, aliyemkuta chini ya gogo la mnazi kwa jirani. Kwetu hakukuwa na gogo. Nyumba ya familia sasa ina ukuta wa matofali, geti la chuma, ua umetandikwa pevingi kutoka barazani mpaka kisimani, na taa nne kubwa zinazowaka kutoka magharibi hadi alfajiri. Ule mnazi wa mnana ulikatwa ili gari igeuke. Picha za kazi hiyo zilipokuja kwenye WhatsApp nilifurahi sana, nikawaonyesha mpaka wenzangu kazini. Sehemu kubwa ya pesa ilikuwa yangu.

Usiku tulikaa uani kusubiri vimulimuli. Tukakaa usiku wa pili. Usiku wa tatu mtoto akanigeukia, bila ya utovu wa adabu, akauliza kama anayetaka tu kujua: "Mama, uliwatunga?"

Sikuwa na jawabu ya haraka. Bibi yake ndiye aliyeniokoa. "Hakuwatunga, mume wangu. Mama yako akiwatia ndani ya chandarua, chumba kizima kinametameta, na mimi nikamchapa kwa ajili yao." Ni kweli, alinichapa. Sijapata kufurahi kukumbushwa bakora kama usiku ule.

Baadaye nilisoma kidogo juu ya kimulimuli, na nilichokisoma ndicho kilichoninyima raha. Yule tunayemwona akiruka ana maisha ya wiki chache tu. Sehemu kubwa ya umri wake anaishi akiwa buu ardhini, kwenye unyevu na majani yaliyooza, na wengi wao wakiwa mabuu hula konokono na koa. Halafu ule mwanga si pambo. Ni maneno. Dume huruka akimetesha kwa mpigo wa aina yake, na jike aliye chini kwenye majani humjibu. Ukiwasha taa kali juu yao hawaonani, na wasioonana hawazai. Sasa tazama uani kwetu: juu taa nne, chini pevingi. Mtu aliyekusudia kuwamaliza asingeweza kupanga vizuri zaidi, na aliyelipia ni mimi, tena kwa mapenzi.

Mnana nao wana kesi yao nyingine mbali na mnazi. Alfajiri kilichotuamsha si shore wala tetere, ni kunguru, na mtoto akasema: "Hawa si wale wa Muttrah?" Ndio hao hao. Huyu kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, Waingereza wakiwa ndio watawala, ili ale takataka za mji. Takataka alizila kweli, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wadogo, akavuka mpaka Bara, na miaka ya 1940 alikuwa ameshafika pwani ya Kenya. Zanzibar walimpunguza sana miaka ya 1990 kwa mitego na sumu, kazi iliposimama akarudi. Kenya, shirika lao la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuondoa kunguru milioni moja ifikapo mwisho wa 2024. Wahenga walisema kunguru hafugiki, nami naona tunamfuga vizuri sana. Haishi msituni huyu, anaishi tulipo sisi, na chakula chake ni kile tunachokimwaga. Nyuma ya nyumba za Fuoni, nyumba nzuri za tofali, majaa yapo wazi na kunguru wamejipanga juu ya kuta.

Wiki ya mwisho tulikwenda kwa mama yangu mdogo, Muyuni, upande wa kusini. Hatujashuka garini mtoto ameshapiga kelele. Mnazi mmoja, viota labda thelathini, na wale ndege wa manjano wananing'inia kichwa chini wakigombana. Alisimama pale mpaka shingo ikamuuma. Usiku komba akalia, na kijana aliyekuwa akijigamba akaja kulala kitandani kwangu. Alama mbili. Kinyonga akamwona njiani, tatu. Vimulimuli, hata Muyuni hatukuwapata.

Tuliporudi Fuoni nikamwambia kaka: tung'oe pevingi nyuma ya kisima, pale pembeni tu, na taa ya nyuma izimwe.

"Wewe uko Maskati," akaniambia, "wezi wako huku."

Na ana haki. Yeye ndiye anayelala pale na mama. Sisi tulio nje tuna tabia ya kuitaka nyumbani ibaki kama tulivyoiacha, vumbi na giza lake, wakati wenyewe huku tunaishi kwenye taa na viyoyozi. Tulibishana siku mbili. Mwishowe mama ndiye aliyekata shauri, si kwa sababu ya vimulimuli, bali anataka pahala pa kupanda mchaichai na mihogo yake. Pevingi ikang'olewa upana wa mikeka minne. Fundi aliyeing'oa ndiye aliyeitandika, akacheka, na mara zote mbili nimemlipa mimi. Taa ya nyuma sasa inazimwa saa tatu usiku, kaka akikumbuka.

Kwa hiyo kila Ijumaa tukipiga simu, mtoto humsalimu bibi haraka haraka, shikamoo, kisha anamtaka mjomba wake azungumze naye. Swali ni moja. Ijumaa iliyopita nilimsikia mjomba akijibu: "Bado, baba. Lakini kuna chura amehamia kisimani, na bibi yako hapati usingizi."

Mtoto akaenda kuchukua daftari. Chura alikuwa hajamtia alama. Akaniuliza kama inahesabika, kwa kuwa hakumwona mwenyewe. Nikamwambia amwombe mjomba amsikilizishe kwenye simu.