Mazungumzo Yetu, Seva Yetu: Ilani ya Kuanzisha Harakati

Sisi ni walimu, wauguzi, makatibu wa vyama vya akiba na mikopo, wanahabari na mafundi wa mitandao wa Afrika Mashariki. Kila siku tunaandikiana, tunakutana kwa video, tunahariri mihtasari na kugawana mafaili. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inatunzwa kwenye mashine za makampuni ya ng'ambo, kwa masharti yanayoweza kubadilika bila sisi kuulizwa. Leo tunaanzisha harakati ya kurudisha kumbukumbu za kazi mikononi mwa wanaoifanya.

Kilichotufikisha hapa

Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp ilizimika duniani kote kwa saa zipatazo sita kwa sababu ya kosa la usanidi ndani ya kampuni moja. Kwetu, ambako kikundi cha WhatsApp ndicho ofisi ya watu wengi, somo hilo lilikuwa zito. Huduma ya mazungumzo ya kazini ya HipChat ilifungwa mwaka 2019, na Skype mwaka 2025. Mwaka 2022 Slack, huduma nyingine ya mazungumzo ya kazini, iliwafungia wasiolipa ujumbe wote uliozidi siku 90. Mwaka 2024 ikatangaza kuwafutia kabisa uliopita mwaka mmoja. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota nchini Tanzania, Kenya na kwa majirani. Faili lililowekwa ng'ambo huvuka bahari kwenda na kurudi ili tu limfikie mwenzako wa meza ya pili.

Tunachokiamini

Kikundi chochote kinachotunza siri za wagonjwa, madeni ya wanachama au majina ya watoto kina haki ya kujua data hizo zimelala wapi, na nani ameshika ufunguo.

Zana zipo. Nextcloud, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Frank Karlitschek na wenzake, hutunza mafaili, kalenda na nyaraka za pamoja. Zulip na Mattermost hubeba mazungumzo; Jitsi Meet na BigBlueButton hubeba vikao na madarasa. Matrix huziwezesha seva za wenyewe tofauti kuzungumza, na juu yake Ufaransa imejenga Tchap kwa ajili ya watumishi wake wa umma. Hata kwetu programu huria zina mizizi: OpenMRS, inayotunza rekodi za wagonjwa, ilichipuka katika kazi ya kliniki za Eldoret, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuileta OpenOffice kwa Kiswahili.

Lakini programu huria isiyodai ada ya leseni bado inadai uangalizi. Inahitaji umeme, diski, masasisho ya usalama, na mtu wa kuamka usiku inapokwama. Seva isiyosasishwa inawahatarisha wote walioiamini. Na pale nywila inapojulikana na fundi mmoja tu, tumetoka kuitegemea kampuni tukaanza kumtegemea yeye. Akihama au akiugua, tumekwama. Ndiyo maana msingi wa harakati hii ni utunzaji wa pamoja.

Tunachoahidi

1. Kila seva itakuwa na wasimamizi wasiopungua wawili, na mwongozo wa Kiswahili wa kuiwasha, kuisasisha na kuirejesha.

2. Tutatunza nakala tatu za data, katika aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Kila baada ya miezi mitatu tutajaribu kuirejesha data. Nakala isiyowahi kujaribiwa hatutaihesabu.

3. Vikundi vidogo vitachangia seva moja. Shule, chama cha mikopo na redio ya jamii watagawana gharama, kila mmoja akiwa na chumba chake, na mahesabu yatasomwa mbele ya wote.

4. Seva zitakaa karibu: ofisini, zikiwa na betri, ili kazi ya ndani iendelee intaneti ikikatika, au katika kituo cha data nchini, kilichounganishwa na kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, KIXP ya Nairobi au TIX ya Dar es Salaam.

5. Tutakusanya data kidogo na kuzifuta kwa wakati. Sheria za ulinzi wa data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, tutazichukua kama kiwango cha chini. Msimamizi hatasoma mazungumzo ya watu, na kila anapoingia kwenye seva itaandikwa.

6. Atakayetaka kuondoka ataondoka na data zake zote, katika umbizo linalosomeka na programu nyingine.

7. Tutawarudishia watengenezaji: tafsiri, taarifa za kasoro na, tukijaliwa, fedha.

Tunachodai

Serikali na halmashauri: zabuni za mifumo ya mawasiliano zitamke kwamba data ni mali ya umma na zinaweza kuhamishwa. Vyuo: fundisheni uendeshaji wa seva kwa kuwakabidhi wanafunzi seva halisi yenye watumiaji halisi. Wafadhili: mnaolipa ada ya programu kila mwezi, lipeni pia mshahara wa anayeitunza seva. Huyo ndiye atakayebaki mradi ukiisha.

Wito

Msihamishe kila kitu kwa siku moja. Anzeni na mihtasari ya vikao. Tafuteni kikundi jirani, chagueni wasimamizi wawili, wekeni nakala, zijaribuni. Mkishaona inasimama, hamishieni mazungumzo, kisha mafaili. Anayejua amfundishe asiyejua, na asiyejua asione haya kuuliza.

Tunaotia saini ilani hii tunajifunga kwa ahadi hizi saba. Mtuhoji kwazo, kila mwaka, hadharani.