Nyumba na Jamaa: Kumwuzia Nyumba Mnunuzi Aliye Ng'ambo

Kandokando ya barabara itokayo Kampala kwenda Bombo zimesimama nyumba nyingi za matofali zilizojengwa kwa posho ya Somalia. Tangu kikosi cha kwanza cha Uganda kilipotua Mogadishu mwezi Machi 2007, zamu moja ya ulinzi imekuwa msingi, zamu ya pili kuta, na ya tatu mabati. Nyumba ya namna hiyo imegharimu jasho la miaka, na wakati mwingine damu, kwa hiyo haistahili kuuzwa kwa papara. Hata hivyo huja siku ambayo kuuza hakuepukiki. Mtoto ameitwa chuo kikuu na karo haina mwombezi. Au mwenye nyumba anakaribia kustaafu, na mifugo yake na ndugu zake wako Arua, si Matugga.

Zamani tangazo la nyumba lilikuwa kibao kilichopigiliwa juu ya mti, au maneno yaliyotoka kinywani mwa dalali. Siku hizi mnunuzi mwenye fedha taslimu aghalabu ni mwananchi afanyaye kazi Dubai, London au Boston. Jioni, akiwa amechoka, hupitisha kidole juu ya kioo cha simu, na nyumba kumi zaweza kumpita kabla chai yake haijapoa. Hajui harufu ya mvua ya Matugga, wala hamjui jirani. Anachokijua ni kile tu alichoonyeshwa, na kwa kuwa amekwisha sikia habari za ndugu waliotuma fedha nyumbani wakanunuliwa kinamasi, hushuku kila asichoonyeshwa. Kazi ya muuzaji, basi, ni kuiondoa shaka hiyo. Na katika jamaa nyingi za askari kazi hiyo humwangukia mama aliyebaki nyumbani, kwa kuwa baba yuko kazini mbali.

Jambo la kwanza ni picha. Simu ya kawaida yatosha, ila kioo cha kamera kifutwe kwa kitambaa safi. Vidole vya watoto na mafuta ya jikoni vimeharibu picha nyingi kuliko ubovu wa simu. Nyumba iliyoelekea mashariki ipigwe picha asubuhi, baina ya saa mbili na saa nne; iliyoelekea magharibi ingoje saa kumi za jioni. Adhuhuri jua letu la ikweta husimama utosini, likaifanya kivuli baraza na kuyafanya mabati yang'ae hata ukuta usionekane. Simu ilazwe kwa upana. Ndani ya chumba mpigaji picha asimame pembeni, dirisha likiwa nyuma yake, na simu aishike usawa wa kifua. Akiielekeza dirishani, chumba kitatoka cheusi kama pango.

Kabla ya hapo nyumba ifanyiwe usafi kama inayotazamiwa kukaguliwa na mkuu wa kikosi. Vitanda vitandikwe, masufuria yafichwe, kamba ya nguo iwe tupu, kifuniko cha choo kifungwe. Mafundisho haya akina mama hawayahitaji, lakini wapo akina baba ambao wamepiga picha ya sebule huku viatu vyao vya matope viko juu ya meza.

Picha ya kwanza ndiyo mlango wa tangazo, maana katika simu ya mnunuzi itaonekana ndogo kama kisanduku cha kiberiti. Iwe ya nyumba nzima kutoka mbele, pamoja na paa na kipande cha ua. Wengi hukosea hapa kwa kutanguliza lango la chuma walilolipaka rangi jana. Zifuatie sebule, jiko, vyumba vya kulala, choo, kisha mambo ambayo mnunuzi wa mjini huyauliza upesi: tangi la maji, bomba, mita ya Yaka. Picha kumi na mbili zilizochaguliwa zashinda arobaini zinazorudia ukuta mmoja.

Baada ya picha, video moja ya kutembea. Aanze mtu barabarani kwenye lami, aingie njia ya vumbi, afike langoni na kupita ndani bila kuikata. Mnunuzi aliye London atajua mara moja kama gari dogo lapita, kama kuna mtaro uliobomoka, kama jirani ana kinu cha mahindi kinachonguruma. Video hiyo ikichukuliwa katika mvua za Machi hadi Mei, siku ya pili baada ya kunyesha, itaaminiwa kuliko maneno yote, kwani itaonyesha mahali maji yanaposimama na mahali yasiposimama. Wauzaji wengine huogopa kufanya hivyo. Lakini mnunuzi atamtuma shemeji yake aje kutazama, na shemeji hafichiki kitu.

Ukuta wenye ufa nao upigwe picha. Ufa ulioonyeshwa hupunguza bei kidogo. Uliogunduliwa baadaye huvunja mauzo yote, hata kama nyumba nyingine yote ni imara.

Maneno ya tangazo yawe machache yenye vipimo. "Nyumba ya kisasa ya kuvutia mahali pazuri" haimwambii mtu lolote. Mfano ulio bora waweza kuwa hivi: "Inauzwa: nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko, choo na bafu ndani. Ploti futi 50 kwa 100, yaani karibu desimali 11.5. Matugga, Wilaya ya Wakiso, mita 700 kutoka lami. Maji ya bomba, mita ya Yaka, tangi la lita 2,000. Hati ya mailo. Ukuta wa nyuma haujapigwa plasta. Bei shilingi milioni 145, yazungumzika kidogo." Desimali, kwa wasioizoea, ni sehemu moja ya mia ya eka. Bei isiandikwe "piga simu". Aliye ng'ambo akiona hivyo hudhani kwamba atapangiwa bei kwa kusikilizwa lafudhi yake. Wala lisiandikwe neno "haraka", kwa sababu neno hilo humwambia msomaji kwamba muuzaji yuko taabuni, naye atangoja taabu izidi.

Kuhusu mahali pa kutangazia, Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na wananchi wengi waliobaki nyumbani walihamia WhatsApp na TikTok, ilhali wenzao wa ng'ambo waliendelea kuitumia kama kawaida. Yafaa jamaa aliye huko aombwe kulibandika tangazo katika vikundi vya Waganda vya mji wake. Picha zipelekwe kwa WhatsApp kama faili, si kama picha za mazungumzo, zisipoteze ung'avu njiani. Kwenye kila picha iandikwe namba ya simu kwa herufi ndogo, kwa sababu madalali wana desturi ya kunyakua picha za watu na kuzitangaza upya kwa bei yao. Mnunuzi akikuta nyumba ile ile kwa bei tatu mbalimbali hudhani zote ni ulaghai.

Sasa lipo jambo linalowahusu askari na polisi kuliko raia wengine. Picha ya sebule huchukua kila kilichomo ukutani: picha ya baba akiwa na sare, nishani, cheti cha mafunzo chenye namba yake ya jeshi. Nje, sare huanikwa uani. Vitu hivyo vyote viondolewe. Picha za watoto pia, hasa wakiwa na sare ya shule, kwani sare humjulisha mgeni mahali watakapokuwa saa nne asubuhi. Sehemu ya simu inayoandika mahali picha ilipopigwa izimwe kabla ya kazi kuanza. Tangazo litaje kijiji na umbali kutoka lami. Alama kamili ya ramani apewe mtu aliyekwisha jitambulisha, si umati wa intaneti.

Na mama asimwambie mtu yeyote katika simu kwamba mume hayupo. Mpigaji akiuliza, "Mama, mzee yuko wapi nizungumze naye?" jibu lenye heshima ni kwamba mzee atapiga simu mwenyewe. Wageni wa kutazama waje mchana tu, kwa siku iliyopangwa, jirani au mwenyekiti wa LC1 akiwapo, nao watoe vitambulisho vyao vya taifa langoni kabla ya kuonyeshwa chumba cha kulala. Asiyetaka kuonyesha kitambulisho hana haja ya kuona nyumba.

Hati ya ardhi isibandikwe katika tangazo hata kidogo. Mnunuzi aliyejulikana atapewa nakala, na juu ya nakala hiyo yaandikwe kwa kalamu nene maneno "kwa ukaguzi tu" pamoja na tarehe. Wakili wake ataipeleka namba katika ofisi ya ardhi inayohusika: nyumba ya Matugga hukaguliwa Wakiso, bali nyumba ya Bombo mjini, iliyo mbele kidogo katika barabara ile ile, iko Wilaya ya Luweero, na daftari lake liko Bukalasa. Muuzaji mwenye busara hutangulia kufanya ukaguzi huo yeye mwenyewe kabla ya kutangaza. Yawezekana mkopo wa chama cha akiba, uwe Wazalendo wa jeshi au Exodus wa polisi, uliwekewa dhamana ya hati hiyo na kizuizi hakijaondolewa, ijapokuwa deni lilikwisha. Ni afadhali kulijua hilo mapema kuliko kuambiwa na wakili wa mnunuzi.

Sheria ya Ardhi ya 1998, kama ilivyorekebishwa mwaka 2004, inakataza kuuza ardhi ya familia, ile ambapo familia yakaa, bila idhini ya mke au mume, hata kama jina la mmoja tu ndilo lililo katika hati. Kwa hiyo baba aliye Somalia hawezi kumwuzia rafiki yake nyumba kwa simu huku mama na watoto wamo ndani; na mama naye, akiwa amekabidhiwa kazi yote ya kuuza, hawezi kutia sahihi kwa niaba ya mume kwa kuwa tu ni mkewe. Anahitaji hati ya uwakilishi iliyotiwa sahihi na mume na kusajiliwa katika ofisi ya ardhi. Hati hiyo itafutwe wakati wa likizo, kabla ya kurudi kazini, maana kuitafuta mnunuzi akiwa amekwisha patikana ni kumchosha hata akaondoka. Mwenye kibanja katika ardhi ya mailo anao wajibu mwingine: sheria humtaka ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Tangazo la kibanja liseme wazi kwamba ni kibanja.

Mnunuzi naye aulizwe uraia wake, wala swali hilo si utovu wa adabu. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo wala ya umiliki huru. Aweza kupata ya kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Wapo wazaliwa wa Uganda waliochukua pasi za nchi nyingine. Sheria ya 2009 iliwafungulia mlango wa uraia wa nchi mbili, lakini hupatikana kwa kuomba na kusajiliwa, na wengine hawakufanya hivyo. Ni bora jambo hili lijulikane katika mazungumzo ya kwanza kuliko mbele ya msajili.

Fedha zipokewe benki, ndani ya akaunti yenye jina lililo katika hati. Ujumbe wa simu usemao fedha zimeingia si fedha. Mama aende benki aulize. Upo ulaghai unaowalenga wauzaji hasa: mnunuzi wa mbali asiyebishana bei husema amekwisha tuma fedha nyingi kupita kiasi, akaomba kilichozidi kirudishwe kwa simu, au akadai ada ndogo ya kuzikomboa mpakani. Mtu anayenunua nyumba bila kuuliza swali hata moja kuhusu choo ni wa kutiliwa shaka. Ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1.5 ya thamani anayoikubali mthamini wa serikali, ni wa mnunuzi, nao hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato, haupitii mfukoni mwa dalali. Hati yenyewe ikae kwa wakili au benki hadi malipo yathibitike.

Nyumba ikiisha uzwa, tangazo liondolewe siku hiyo hiyo kila mahali lilipobandikwa, na jamaa wa ng'ambo waombwe kufuta picha vikundini. Picha zinazobaki huchukuliwa na matapeli wakaipangisha nyumba ya mtu kwa wapangaji watatu kwa siku moja, na wapangaji hao, wakiwa na magodoro yao juu ya lori, hufika langoni wakimtafuta mama yule aliyekwisha hamia Arua.