NYUMBA YETU: Meza ya Kioo na Ufunguo Wake

Juma hili twaingia chumbani. Katika nyumba kadhaa za Masisi, na hata Walikale, waweza kuona kando ya kitanda meza fupi ya mbao nyekundu, yenye kioo kikubwa nyuma yake na watoto wa meza wawili au watatu wa kuvutwa. Wazee waliosoma Kifaransa huiita coiffeuse. Wengine husema meza ya kioo tu. Vijana huicheka, wakisema ni chombo cha bibi. Mchuuzi afikapo kutoka Goma hacheki. Huigonga kwa kidole, huipima uzito, kisha hutaja bei ya kuni.

Asidanganywe mtu. Meza hiyo ina ukoo mrefu, na sehemu ya ukoo huo ni wetu.

Barani Ulaya, katika karne ya 17, mabibi wa majumba makubwa walitandika kitambaa juu ya meza yo yote, wakapanga juu yake vitana, poda na manukato. Kitambaa hicho kidogo Wafaransa walikiita toilette. Jina likahama kutoka kitambaa kwenda kwenye meza, kisha likawa jina la kazi yenyewe ya kujitengeneza. Siku hizo kilichokuwa ghali ni kioo. Mafundi wa Venice walificha siri ya kufanya vioo vizuri, hata mwaka 1665 serikali ya mfalme Louis XIV ilipoanzisha kiwanda chake na kuwavuta baadhi yao waje Ufaransa. Nyuma ya kioo walilaza ukaratasi mwembamba wa stani na kuuchanganya na zebaki. Stani hiyo ni madini yale yale yapatikanayo katika kasiterite, jiwe zito ambalo watu wa Walikale walilibeba mgongoni kwa maelfu ya magunia tangu machimbo ya Bisie yalipoanza mwaka 2002. Zebaki ni sumu, nayo iliwaumiza mafundi wengi. Mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig alivumbua njia ya kupaka fedha nyuma ya kioo. Polepole bei ikashuka, na meza ya kioo ikatoka kwa wafalme ikaingia kwa mwalimu na kwa mwenye duka.

Kati ya zile za kifalme, moja yanipendeza kuliko zote. Mwaka 1778 fundi Jean-Henri Riesener alimtengenezea malkia Marie Antoinette meza ambayo uso wake wapanda na kushuka, ili malkia, aliyekuwa karibu kujifungua mtoto wake wa kwanza, aweze kula, kuandika na kujipamba bila kutoka chumbani. Sasa imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Akina mama wataelewa upesi kuliko sisi wanaume: katika siku za uzazi, chombo kimoja chenye kazi tatu chafaa kuliko vitatu vya kutazamwa.

Na mbao je? Mwaka 1897 Wabelgiji walifanya maonyesho makubwa huko Tervuren, karibu na Brussels, ili kuwasifia watu wao utajiri wa Kongo. Mafundi mashuhuri, kama Georges Hobé, Paul Hankar, Henry van de Velde na Gustave Serrurier-Bovy, walipewa mbao za Kongo wazigeuze kuwa nguzo na vyombo vya mtindo mpya. Watu walizistaajabia mbao hizo. Lakini Wakongo 267 nao waliletwa watazamwe kama mbao, na saba kati yao walifia huko. Makaburi yao yapo Tervuren hata leo. Mbao za Afrika ziliendelea kutafutwa na maseremala wa Ulaya miaka mingi baadaye, nyakati za vioo vya duara na pembe zilizoviringwa.

Meza zilizokuja Masisi hazikuwa za kifalme. Baada ya Comité National du Kivu kuundwa mwaka 1928, walowezi wengi walipata mashamba, wakapanda kahawa, chai na pareto, wakajenga nyumba zenye vyumba vya kulala vya kizungu. Mzigo kutoka Ulaya uliweza kupita Dar es Salaam, ambako Ubelgiji ulikuwa na sehemu yake bandarini tangu mwaka 1921, kisha ukapanda gari la moshi hadi Kigoma, ukavuka ziwa, ukapanda milima. Ni mwendo wa kuvunja kioo na kulegeza miguu ya meza. Ilikuwa nafuu kuagiza kioo peke yake na kumwita seremala wa huku, mara nyingi mtu aliyejifunza randa na patasi katika karakana ya misioni. Naye hakukosa mbao. Misitu ya Walikale ina libuyu, ndugu wa mkangazi, na mvule, ambao mchwa huuogopa.

Kwa Mwafrika wa siku zile meza hiyo ilikuwa na uchungu wake pia. Kwa amri ya mwaka 1952, Mkongo aliyetaka kuhesabiwa mbele ya sheria sawa na Mzungu alipaswa kuomba, na wakaguzi wakaja nyumbani kwake kutazama jinsi anavyolala, anavyokula na anavyotunza mke. Hebu fikiri: utu wa baba wa watoto wapimwa kwa vyombo vya chumbani! Wengine walinunua vyombo kwa ajili ya macho ya mkaguzi. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 aibu hiyo ilikwisha, lakini meza zikabaki, na wake zao walikuwa wamekwisha kugundua faida ambayo mkaguzi hakuiuliza kamwe.

Faida hiyo ni ufunguo. Mama wa kale alikuwa na kibuyu cha mafuta, na katika nyumba za wafugaji siagi ya kujipaka. Alijitazama katika maji au katika macho ya dada yake. Alikuwa na kikapu chake, lakini kikapu hakina kufuli. Mtoto wa meza afungwaye kwa ufunguo ndiye aliyekuwa, kwa wake wengi, mahali pa kwanza nyumbani palipokuwa pao peke yao. Huko ziliwekwa fedha za maharage, shahada za shule za watoto, cheti cha ubatizo na cha ndoa, na karatasi ya shamba. Poda ilikuwa juu; mambo mazito yalikuwa ndani. Mume mwenye busara hakuuliza ufunguo uko wapi.

Tena twajua yaliyotupata. Mwaka 2023 na 2024 watu wengi mno wa Masisi walikimbia vita wakaishi katika kambi za kandokando ya Goma, na mwanzoni mwa 2025 kambi hizo zikavunjwa. Anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro. Meza ya kioo haikimbii. Nyingine zilipasuliwa zikapikiwa, na nani atamlaumu mwenye njaa? Twasema juu ya ile iliyosalia, ambayo mwenyewe amerudi akaikuta imesimama, na sasa ataka kuiuza kwa kuwa kioo kimeingia madoa.

Kabla hujaiweka juu ya chukudu, mvute mtoto wa meza umtoe kabisa, umtazame pembeni. Ukiona meno ya mbao yaliyoshikana kama vidole vya mikono miwili, bila msumari, hiyo ni kazi ya fundi wa kweli. Tazama chini yake, mahali pasipopigwa vanishi: mbao ikiwa nzito na ya rangi moja mpaka ndani, ni mti mzima; ikiwa ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ni chombo cha juzi na jana. Mguu ukicheza, usipige msumari. Mwambie seremala aufungue, akwangue gundi ya zamani, atie mpya, aubane usiku kucha. Vitundu vyenye unga mpya chini yake ni alama ya wadudu, basi meza na isimame mbali na nyingine mpaka watibiwe.

Kioo chenye madoa kifutwe kwa kitambaa kikavu upande wa mbele tu. Usiruhusu watoto wakwangue nyuma, hasa kikiwa cha kale sana, kwa ajili ya ile zebaki tuliyoitaja. Ukitaka kujiona vema, nunua kioo kipya ukitie mbele, na kile cha zamani kibaki nyuma yake katika fremu. Ufunguo ukiwa umepotea, usivunje kitasa. Kwanza ujaribu funguo za kabati na za sanduku zilizomo nyumbani, kwa kuwa vitasa vingi vya siku zile vilifanana.