KUFULI MOJA HALIFUNGI MILANGO KUMI

Mfugaji wa Balangdalalu aliyenyang'anywa malisho amlilie nani? Tangu miaka ya 1970 nyanda za Hanang, malisho ya Wabarabaigi, ziligeuzwa mashamba ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Kanada. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, na mwaka 1985 kikashindwa katika rufani. Kilio hicho kilichelewa mno kuufikia ulimwengu.

Leo iko njia. Mwaka 2019 waandishi wapatao 40 wa nchi mbalimbali, wakiunganishwa na Forbidden Stories ya Paris, shirika lisilotafuta faida, waliuchunguza mgodi wa North Mara. Kenya nayo ina Africa Uncensored tangu 2015.

Gazeti lililo peke yake hufungwa kwa amri moja: mwaka 2017 MwanaHalisi lilipigwa marufuku ya miaka miwili. Lakini vyumba kumi vya habari vyenye jalada moja, nani atavifunga vyote? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, twasema wazi: asiyetafuta faida naye hulishwa na mtu. Mtandao huo na utangaze fedha zake zitokako, tena uwe na mwandishi Hanang kwenyewe, ajuaye Kidatoga. La sivyo, habari zetu zitaendelea kuandikwa na wageni, baada ya ng'ombe kwisha kuhamishwa.