Bima ya safari isiwe adhabu kwa aliyeugua saratani

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Walinena kweli. Hata hivyo, binadamu alipotambua kuwa hawezi kuizuia ajali, alibuni njia ya kuigawana hasara yake: wengi watoe kidogo kidogo ili mmoja wao atakapopatwa asiangamie. Hiyo ndiyo bima. Swali ambalo ningependa tulitafakari leo, ndugu msomaji, ni hili: mtu aliyekwisha kuugua saratani, akatibiwa na kurejea katika shughuli zake, ana nafasi gani katika ushirika huo anapotaka kusafiri?

Swali hili si la wakazi wa Nairobi pekee. Hapa Ngaremara, kando ya barabara kuu itokayo Isiolo kuelekea Archers Post na Moyale, tulizoea kuiona bima ya safari kuwa jambo la wafanyabiashara na waheshimiwa. Lakini watoto tuliowafundisha katika madarasa yetu wamekwenda ng'ambo kusoma na kufanya kazi, na sasa wanawaalika wazazi wao. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alialikwa na bintiye Ujerumani kuhudhuria harusi. Miaka minne ilikuwa imepita tangu amalize matibabu ya saratani ya matiti. Nilimsaidia kujaza fomu. Kampuni ya kwanza ilimkataa mara ilipoliona neno saratani. Ya pili ilimkubali, ila kwa malipo yaliyokaribia nauli ya ndege. Ya tatu ilimpa hati kwa bei ya kawaida, lakini katika maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho ilikuwa imetenga kila gharama itokanayo na maradhi yaliyokuwapo kabla ya bima.

Mwalimu huyu hakuwa na hiari ya kusafiri bila bima. Nchi za Ulaya zinazotumia viza ya Schengen humtaka mgeni awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, yaani zaidi ya shilingi milioni nne za Kenya. Bima hiyo sharti igharimie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini, na kurejeshwa nyumbani akiwa hai au maiti. Hapa ndipo ulipo mtego. Hati ya kampuni ya tatu aghalabu humridhisha afisa wa ubalozi, kwa kuwa kiasi kinachotakiwa kimeandikwa. Lakini cheti kinachofungua mlango wa uwanja wa ndege si lazima kifungue mlango wa hospitali. Msafiri akivunjika mguu, atalipiwa. Akipatwa na donge la damu ambalo daktari atalihusisha na saratani yake ya zamani, huenda bili yote ikamwangukia bintiye.

Wapo watakaouliza kama bima yetu ya taifa haitoshi. Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, ulioanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa NHIF, hukata asilimia 2.75 ya mshahara wa mfanyakazi. Shabaha yake ni tiba ya humu nchini. Huduma ya ng'ambo huruhusiwa kwa idhini ya mapema, na kwa tiba isiyopatikana hapa kwetu. Haumfuati mama aliyekwenda harusini. Vilevile, bima ya kawaida ya safari haimlipii mtu anayesafiri kwa ajili ya kutafuta matibabu. Kwa hivyo mgonjwa anayechangiwa kwa harambee ili apelekwe India asidhani kwamba hati ya safari itamlipia hospitali huko.

Tuwatendee haki wenye makampuni. Hoja yao ni kwamba bima ni hesabu, na kwamba ukimruhusu mwenye nyumba inayoungua kununua bima ya moto, mfuko utafilisika. Ni kweli pia kwamba aliye katikati ya dawa kali za saratani huwa rahisi kuambukizwa maradhi, na kwamba saratani huongeza hatari ya damu kuganda katika safari ndefu ya ndege. Hoja hizi zina uzito. Ila hesabu inayostahili jina hilo hutenganisha vitu visivyofanana. Saratani si ugonjwa mmoja. Ni kundi la maradhi mengi, yenye hatua na matokeo mbalimbali. Aliyemaliza matibabu miaka minne iliyopita hafanani na aliyeanza matibabu wiki jana, na safari ya siku kumi na nne si bima ya maisha yote. Mwalimu wa hisabati hangempa alama mwanafunzi aliyewajumlisha wote hao na kuwapa jibu moja. Mbona tunayakubali makampuni yafanye hivyo?

Sheria zetu nazo haziko kimya. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, na hali ya afya imetajwa miongoni mwayo. Kifungu hicho hakiifungi serikali peke yake, bali kila mtu. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012 inataja kuharamisha ubaguzi dhidi ya wenye saratani kuwa mojawapo ya malengo yake. Tena tunao mfano ulio bora zaidi. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 iliyaagiza makampuni ya bima ya maisha na ya matibabu yaweke kiwango cha bima ambacho mtu anaweza kukipata bila kutakiwa kueleza kama ana virusi au la. Ikiwa taifa hili liliweza kuwatetea waliokuwa wakinyanyapaliwa kuliko wote, halina udhuru wa kushindwa kuwatetea waliougua saratani.

Wenzetu wamekwisha kupiga hatua. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2021, kampuni inayomkataa msafiri kwa sababu ya ugonjwa mzito, au inayompandishia bei mno, hutakiwa kumwelekeza kwenye orodha ya makampuni yanayowahudumia watu wa hali yake. Nchini Ufaransa, sheria ya Februari 2022 ilimpa aliyeugua saratani haki ya kutoitaja anapoomba bima ya mkopo, mradi miaka mitano imepita tangu amalize matibabu na ugonjwa haujarudi. Sheria hiyo haihusu safari, lakini inatufunza kwamba ugonjwa unaweza kuwekewa tarehe ya kusahauliwa.

Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ina uwezo wa kuanza na mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Pili, iandaliwe orodha ya makampuni yaliyo tayari kuwapokea waliougua, ili mtu asibishe mlango baada ya mlango. Tatu, masharti yanayotenga maradhi yaandikwe waziwazi katika ukurasa wa kwanza, na yaandikwe kwa Kiswahili pia, maana Katiba yenyewe imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

Wakati tunasubiri, msafiri asikae mikono kifuani. Asifiche ugonjwa wake kwa kutaka bei nafuu, kwani mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli, na aliyeficha huweza kunyimwa fidia yote. Apate barua ya daktari inayoeleza aina ya saratani, tarehe ya kumaliza matibabu, na kwamba anafaa kusafiri. Ashirikishe dalali wa bima atakayeuliza makampuni kadhaa kwa niaba yake. Anunue bima ya safari moja, wala si ya mwaka mzima, na kama haendi Marekani wala Kanada, aulize bei isiyozihusisha nchi hizo, kwa sababu gharama zao za hospitali hupandisha malipo. Juu ya yote, aulize kwa maandishi: nikiugua kwa sababu ya saratani yangu, mtalipa au hamtalipa?

Walimu wenzangu, hati ya bima ni somo tosha la ufahamu, la hisabati na la uraia. Tuilete darasani, tuisome pamoja na wanafunzi wetu hadi maandishi madogo ya mwisho. Kizazi kitakachojua kuisoma ndicho kitakachojua kudai ibadilishwe.