Ndama Naye Apewe Haki Yake

Mfugaji amkamuaye ng'ombe wake alfajiri hukabiliwa na mashauri mawili. Maziwa yakienda sokoni, fedha hupatikana siku hiyo hiyo; yakienda kwa ndama, faida yake haionekani mpaka ipite miaka miwili au zaidi. Si ajabu, basi, kwamba katika mabanda mengi, Bara na Visiwani, ndama ndiye apunjwaye.

Ngaramtoni, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga, katika miteremko ya Mlima Meru, ni mahali panapofaa kutazamwa. Mashamba ya huko ni madogo, na wafugaji wengi huwafunga ng'ombe wao wachache bandani, wakawaletea majani, mabua ya mahindi na migomba. Mfugaji wa Unguja au Pemba mwenye eneo finyu ataitambua hali hiyo mara moja.

La kwanza ni dang'a. Ndama huzaliwa akiwa karibu hana kinga. Kinga ya awali huipata katika maziwa hayo mazito ya manjano, na tumbo lake huweza kuipokea vyema katika saa chache za mwanzo tu. Ikipita siku moja, mlango huo umekwisha kufungwa. Anayeyamwaga, au anayeyachemsha akayala yeye na wanawe, amemnyima ndama dawa isiyouzwa dukani. Baada ya hapo ndama wa kilo 30 huhitaji kiasi cha lita 3 za maziwa kila siku, maji safi na mahali pakavu pa kulala. Mtamba aliyepunjwa utotoni huchelewa kushika mimba, na bwana wake humlisha muda mrefu bila ya kupata hata kikombe.

Lakini maziwa peke yake hayamzuii kupe. Unguja ilitangazwa kuwa imeondokana na mbung'o mwaka 1997, baada ya madume waliofanywa tasa, waliozalishwa Tanga, kuachiwa kutoka angani. Ushindi ule ulikuwa mkubwa. Kupe wa masikio, aenezaye ndigana kali, hakuguswa nao, na ugonjwa huo huua ndama kwa siku chache tu tangu homa ianze. Majosho yaliyotegemewa zamani huko Bara mengi yalikufa ruzuku ilipoondolewa.

Chanjo ipo. Ilibuniwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970, siku za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Ndama hudungwa vijidudu hai vya ndigana pamoja na dawa ya kuvidhibiti, akajenga kinga ya muda mrefu. Wafugaji wa Kimaasai wa Kaskazini waliipokea kwa wingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, nao hulipa kwa fedha zao wenyewe.

Kwa nini mwenye ndama mmoja huachwa nyuma? Chanjo huhifadhiwa katika baridi kali ya nitrojeni, na mrija mmoja huwa na dozi zipatazo 30 au 40. Ukishayeyushwa, sharti utumike kwa saa chache. Mwenye boma kubwa humaliza mrija asubuhi moja. Mwenye banda hawezi kuununua peke yake.

Hapa ndipo tunapowageukia viongozi wetu. Kwa kuwa vijidudu hivyo ni hai, wataalamu wa mifugo wathibitishe kwanza kwamba aina iliyomo katika chanjo inalingana na ndigana ya visiwa vyetu. Jambo hilo lisifanywe kwa pupa. Wakisharidhika, kila sheha aorodheshe ndama waliofikia umri katika shehia yake, na maofisa mifugo wa wilaya watangaze mapema siku na mahali pa kuwakusanya, ndama thelathini kwa mrija mmoja.