Nani anafaa kusimamia maiti zetu?

Kuna swali lenye watu wa kwetu hawapendi kuuliza juu linaleta huzuni. Mutu akipigwa risasi, akiokotwa kando ya barabara ao akifia ndani ya kasho, ni nani anaandika kwenye karatasi kitu chenye kilimuua? Na huyo mwenye kuandika, alisomea nini? Nani alimuweka pale?

Kwetu mambo inaenda haraka. OPJ anafika kama amepata mafuta ya pikipiki, anaandika mistari mbili, munganga wa zamu anaangalia mwili dakika kidogo, familia inaambiwa ikazike. Hatumlaumu yule munganga. Yeye alisoma kutibu wenye kuwa hai. Kusomesha maiti iseme ukweli ni kazi ingine kabisa.

Tarehe 2 Juni 2010, mwili wa Floribert Chebeya, kiongozi wa La Voix des Sans-Voix, ulikutwa ndani ya gari pembeni ya Kinshasa. Ili watu waamini uchunguzi, wataalamu walitoka Uholanzi kuja kufungua ule mwili pamoja na madaktari Wakongomani. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakuna hata mwili wa kufungua. Miaka tano nyuma, Machi 2015, miili 421 ilizikwa usiku ndani ya kaburi moja kule Maluku. Serkali ilisema ni watoto waliozaliwa wafu na watu wasio na familia. Inawezekana. Lakini nani aliandika mwili moja moja, na kwa uwezo gani? Familia za watu waliopotea ziliomba kaburi lifunguliwe, juu hawakuwa na karatasi ya kuamini.

Kuna wenye watasema: “Ni Kongo hiyo, angalieni Marekani.” Sawa, tuangalie, juu kule pia si mbinguni.

Kule, kwenye majimbo mengi kaunti (tuseme kama teritware kwetu) ndiyo inapanga mambo ya wafu wake. Kwingi kuna koroneri. Hicho cheo kilitoka Uingereza, mwaka 1194, na mwenyewe hakuwa munganga. Kazi yake ilikuwa pia kulinda mapato ya mfalme. Mpaka leo makoroneri wengi wanachaguliwa kwa kura. Jimbo la Georgia linaomba uwe na miaka 25 na diploma ya sekondari. Ukivuka kwenda Ohio, lazima uwe daktari. Massachusetts ilifuta koroneri tangu 1877 na kuweka madaktari. Mwaka 2009 Akademia ya Sayansi ya Marekani ilishauri majimbo yote yaachane na hicho cheo. Wengine hawakusikia.

California ndiyo inatuhusu zaidi. Ndani ya kaunti nyingi za kule, sherifu, ni kusema mukubwa wa polisi, ndiye pia koroneri. Polisi akiua mutu, bosi wake ndiye anasimamia ofisi yenye itasema huyo mutu alikufaje. Hapo si unaona harufu?

Kaunti ya San Joaquin iliona. Daktari wake alikuwa Bennet Omalu, Mnigeria aliyesomea udaktari kwao Nigeria, ule mwenye Will Smith alicheza maisha yake ndani ya filamu ya 2015. Mbele ya pale, akiwa Pittsburgh, ndiye alifungua ubongo wa muchezaji Mike Webster na kuonyesha ugonjwa wenye unatokana na kugongwa kichwa mara na mara. Mwishoni mwa 2017, yeye na mwenzake Susan Parson waliacha kazi. Walisema sherifu aliingilia kazi yao, zaidi sana kwa watu waliokufa mikononi mwa polisi. Sherifu alikana. Lakini mwaka 2018 wakubwa wa kaunti walikata ofisi ya maiti kutoka kwa polisi, na yule sherifu akaanguka kwenye uchaguzi.

Tuelewane vizuri ubishi ulikuwa wapi. Karatasi ya kifo iko na mambo mawili. Kuna sababu: risasi kichwani. Halafu kuna namna: ugonjwa wa kawaida, ajali, kujiua, kuuawa na mutu mwingine, ao haijulikani. Risasi haifichiki. Ni kwenye namna ndipo mukubwa anaweza kuingiza mkono, juu neno “ajali” linafunga dosiye na neno “kuuawa” linaifungua.

Sisi tunaona hivi: sifa ya kwanza ya mwenye kusimamia ni kutokuwa chini ya yule anayeweza kushitakiwa. Hiyo inapita diploma. Omalu alikuwa na diploma nyingi na bado alikuwa na sherifu juu yake. Kisha masomo: kule Marekani, baada ya miaka minane ya chuo na udaktari, unaongeza mitatu ao mine ya patolojia, na moja ya maiti zenyewe. Lakini mwenye kuongoza timu ya wachunguzi, wale wanaotoka usiku kwenda pahali mutu amelala, si lazima awe daktari. Anaweza kuwa infirmiye ao mwanasheria mwenye miaka ya kazi, anayejua kulinda ushahidi usiguswe, kuandika ripoti yenye hakimu anaweza kusoma, na kuongea na mama mwenye amepoteza mutoto bila kumufukuza.

Vijana wa namna hiyo wako. Wako nyumbani, wanauza unite. Tumesoma udaktari, biolojia, haki; tunapeleka dosiye, tunaulizwa “umetumwa na nani?” Hatuombi huruma. Tunaomba sifa za hiyo kazi ziandikwe, zibandikwe ukutani, na watu wapite mtihani.

Siku unaenda kutoa mwili wa ndugu kwenye chumba cha maiti, hata kama macho imejaa machozi, uliza polepole: nani anatia sahihi hapa, alisomea nini, anatoa ripoti kwa nani? Omba kopi ya karatasi. Wakikataa, andika siku na saa, utuletee.